Chuo kimeunganisha akaunti zote, nikiingia mfumo unanitambua kama mhitimu. Nifanyeje?

#1 Binti Rau

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya mifumo, maana nimezunguka nimechoka.

Niko Moshi, mtumishi wa chuo fulani hapa (sikitaji, na ukikigundua kaa nacho moyoni). Shahada ya kwanza nilisoma hapohapo, nikaajiriwa hapohapo ofisi ya udahili, na sasa jioni nasoma uzamili hapohapo. Kwa hiyo nina akaunti kila kona: potali ya wanafunzi kwa namba ya usajili ya zamani, potali hiyohiyo kwa namba mpya, barua pepe ya kazini, Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni) ambayo mwalimu alituingiza mwenyewe kwa Gmail zetu, maktaba, na waifai. Kila moja na nywila yake. Nilishazoea, nina kidaftari.

Muhula huu likatoka tangazo kwamba akaunti zote zinaunganishwa, utaingia mara moja tu kwa barua pepe ya chuo na mifumo mingine itafunguka bila kukuuliza. Tukashangilia. Nimeingia: waifai sawa, barua pepe sawa. Potali inanionyesha matokeo ya shahada ya kwanza, inaniita kwa ubini wa baba, imeandika "Hali: Amehitimu", na kitufe cha kusajili masomo hakipo. Moodle ndiyo kabisa, nyeupe pee. Hakuna kozi, hakuna asaimenti niliyopandisha juzi. Nikijaribu kuingia kwa ile Gmail naambiwa njia hiyo imefungwa.

Usajili wa masomo unakaribia kufungwa. Dawati la TEHAMA wamenijibu "subiri, mfumo unajirekebisha". Kweli mfumo hujirekebisha wenyewe? Na nikijisajili upya kama mwanafunzi mpya nitakuwa nimeharibu?

#2 Chalii wa Sakina

Hongera dada kwa kurudishiwa ujana. Mimi hata wanilipe sirudi, zile sapu za mwaka wa pili nazikumbuka mpaka leo.

Nakaa hapa nisubiri wajuzi.

#3 Mangi Mpole

Usijisajili upya! Binamu yangu alifanya hivyo chuo kingine, mfumo ukamtolea kontrol namba mbili za ada. Akalipa moja, nyingine ikabaki inamdai, na siku ya mtihani jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliomaliza ada. Risiti mkononi na bado anaonekana mdaiwa.

#4 Fundi Njiro

Binti Rau, pole. Kwanza tulia, hakuna kilichofutika. Nimefanya kazi hizi za kuunganisha akaunti kwenye vyuo huku Arusha na ulichoeleza hutokea karibu kila mahali wiki ya kwanza.

Tangazo lenu limebeba kazi mbili ndani ya sentensi moja. Ya kwanza ni hiyo ya kuingia mara moja. Zamani kila mfumo ulitunza nywila zake. Sasa Moodle haikuulizi nywila, inakupeleka kwenye ukurasa mmoja wa chuo, ukurasa ule unakuthibitisha, kisha unakurudisha Moodle ukiwa na ujumbe uliotiwa saini ya kidijitali unaosema wewe ni nani. Ni kama barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa unayopeleka benki: benki haikujui, ila muhuri inaujua. Nywila yako Moodle haiioni kabisa. Taratibu zinazotumika sana kwa mawasiliano hayo ni SAML 2.0 ya mwaka 2005 na OpenID Connect ya 2014, na programu za kuziendesha kama Keycloak na Shibboleth ni za bure. Kwa mtu anayeijua kazi, sehemu hii haina ugumu.

Kazi ya pili ndiyo iliyokuangukia wewe. Ule ujumbe ukifika Moodle, Moodle inasoma kitambulisho kilichomo na kukitafuta kwenye orodha yake ya watumiaji. Ikikipata, inafungua rekodi hiyo. Isipokipata, mara nyingi imepangwa itengeneze mtumiaji mpya papo hapo, na mtumiaji mpya hana kozi hata moja. Rekodi yako yenye asaimenti ipo palepale na ile Gmail, ila hakuna aliyeiambia Moodle kwamba mwenye Gmail ile na mwenye barua pepe hii ya chuo ni mtu mmoja. Kwenye potali imekuwa kinyume: kitambulisho kimepatikana, lakini kimefungwa kwenye rekodi yako ya shahada ya kwanza, pengine kwa sababu ndiyo iliyotangulia kwenye orodha. Hapo mfumo haujirekebishi, dada. Hauna hata habari kwamba kuna kosa.

Kwa hiyo usijisajili upya, utazaa rekodi nyingine ya kuja kuunganishwa. Usikubali rekodi ya zamani ifutwe hata kama aliyeko dawatini anakwambia ndiyo njia fupi. Moodle ikimfuta mtumiaji inamtoa kwenye kozi zote alizokuwemo, na hakuna kitufe cha kumrudisha. Na usipandishe asaimenti upya kwenye ile akaunti nyeupe. Rekodi mbili zenye kazi ya somo lilelile ndizo zinazowatoa jasho wanaounganisha.

Achana na simu, andika. Tumia barua pepe ya kazini, peleka kwa TEHAMA na nakala kwa ofisi ya usajili wa wanafunzi, maana TEHAMA wanashika mitambo tu, hawana mamlaka ya kusema wewe ni nani. Andika hivi:

"Naomba rekodi zangu ziunganishwe. Mimi ni mtu mmoja mwenye rekodi zifuatazo: mwanafunzi wa shahada ya kwanza, namba ya usajili ..., jina lililotumika ...; mwanafunzi wa uzamili, namba ya usajili ..., jina lililotumika ...; mtumishi, namba ya ajira ...; Moodle, barua pepe iliyotumika ...; maktaba, namba ya kadi ... Namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne ni ... ya mwaka ... Rekodi ya masomo inayoendelea sasa ni ya uzamili. Naomba rekodi yoyote isifutwe. Kwa kuwa usajili wa masomo unafungwa tarehe ..., naomba nisajiliwe kwa fomu wakati kazi hii ikiendelea."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Ambatisha na skrinishoti za potali na Moodle, saa na anwani ya ukurasa vionekane.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, usiitume kwa barua pepe wala kwenye grupu la WhatsApp. Wakitaka kukuhakiki, nenda na kitambulisho mkononi.

#5 Mangi Mpole

Fundi umeeleza vizuri, ila mimi sijaelewa kitu kimoja. Kwani si wangeiambia kompyuta ilinganishe majina tu? Jina likifanana na tarehe ya kuzaliwa, unganisha, twende. Kuna ugumu gani hapo mpaka watu wasumbuliwe na mabarua?

#6 Fundi Njiro

Mangi, wewe mtu wa Moshi ndiye unaniuliza hivyo? Chukua orodha ya wanafunzi wa chuo chochote kuanzia Himo mpaka Ngaramtoni, tafuta Neema Massawe uone watakaoitika. Ukimaliza tafuta Mushi, Lyimo, Kimaro, Swai. Ukoo mzima uko darasani. Halafu Happiness aliyeandikwa Happyness, Godlisten aliyekuwa Godlizen kwenye cheti cha kuzaliwa, na akina dada walioolewa katikati ya masomo wakabadili jina kama ilivyomtokea Binti Rau. Tarehe za kuzaliwa nazo, kuna watu wamesajiliwa wote tarehe 1 Januari kwa sababu karani alikosa tarehe kamili.

Kuna chuo nilikikuta kimeunganisha kwa majina na mwaka wa kuzaliwa. Wasichana wawili wa jina moja, mmoja stashahada na mwingine shahada, wakawa mtu mmoja. Wa stashahada akafungua akaona ana deni la mkopo ambao hajawahi kuuomba. Wa shahada akapokea ujumbe wa kurudia somo asilolisoma. Kuwatenganisha kulichukua muda mrefu kuliko kazi nzima ya kuunganisha wengine wote, kwa sababu maksi zilishachanganyika na kila moja ikabidi ifuatwe kwenye karatasi. Ndiyo maana nasema mtu mmoja kubaki na rekodi mbili ni usumbufu, lakini watu wawili kufanywa mmoja ni balaa. Mfumo ukiwa na shaka uwaache tofauti, mwenyewe atakuja kulalamika. Aliyechanganywa na mwenzake anaweza asijue mpaka anachapishiwa cheti.

Sasa ulinganishe kwa nini? Namba ya kidato cha nne inasaidia sana, karibu kila mwanafunzi wa Kitanzania anayo na bodi ya mikopo nayo inaitumia. Lakini aliyerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ana mbili, moja inaanza na S na nyingine na P, na Mkenya aliyevuka Namanga kuja kusoma hana kabisa. Namba ya usajili hubadilika ukibadili programu. Barua pepe nayo ina mitego: Neema akihitimu, baada ya miaka michache yule nmassawe anapewa Neema mwingine, na mfumo uliolinganisha kwa barua pepe unamkabidhi huyu mpya vitu vya yule wa zamani.

Na NIDA, kabla hujaniuliza: ina tarakimu 20 na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Huwezi kuifanya jina la kuingilia ikatapakaa mpaka kwenye mfumo wa kuazima vitabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ukusanye taarifa kwa lengo linaloeleweka na usizidishe.

Chuo chenye akili kinampa kila mtu namba ya ndani isiyo na maana yoyote: haina mwaka, haina kitivo, haichapishwi kwenye kitambulisho, haibadiliki na hapewi mwingine hata mwenyewe akifariki. Hizo namba nyingine zote zinaning'inizwa juu yake kama taarifa. Ukiolewa, ukihama kozi, ukiajiriwa, ukirudi uzamivu, namba ni ileile.

#7 Chalii wa Sakina

Arif, sasa si waweke tu "ingia kwa Google" kila mtu aingie na Gmail yake? Mimi Gmail yangu ninayo tangu sekondari, pasiwedi naijua nikiwa usingizini. Ya kwao ya chuo kila muhula naisahau.

#8 Fundi Njiro

Chalii, Google inathibitisha kwamba Gmail ni yako. Haithibitishi kwamba wewe ndiye mwanafunzi fulani. Hilo la pili lazima chuo kilifanye chenyewe.

Na kuna hila moja watu wa mifumo wanaijua. Mtu anawahi kwenye mfumo wa zamani, ule usiohakiki barua pepe, anafungua akaunti kwa anwani yako na nywila yake. Wewe hujui. Siku unaingia kwa njia mpya, mfumo unaona anwani zinafanana, unaunganisha. Wewe unaingia kwa Google, yeye anaendelea kuingia kwa ile nywila aliyoiweka, mko wote ndani ya rekodi moja. Kwa hiyo kuunganisha kwa halali ni mwenye akaunti aonyeshe anazimiliki zote mbili kwa wakati mmoja: aingie kwanza kwa ya zamani, kisha bila kutoka aingie kwa mpya, ndipo mfumo umuulize "Unganisha?" Nywila ya zamani inakufa hapohapo. Aliyesahau ya zamani aende dirishani na kitambulisho.

#9 Mwalimu wa Kiboriloni

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi nina hofu tofauti na naomba Fundi unijibu bila kunipaka mafuta. Nafundisha, na wakati huohuo ni mwanafunzi wa uzamivu kitivo hichohicho. Kabla ya haya, akaunti ya kupandisha matokeo ilikuwa mbali na akaunti yangu ya uanafunzi. Nikiingia kama mwalimu nilijua niko kazini. Sasa mnaniambia nitaingia mara moja na vyote vitafunguka. Je, nikikuta naweza kufungua jedwali la maksi za somo ninalosoma mwenyewe? Mimi najiamini, lakini siku likitokea la kutokea nitaulizwa mimi, si huo mfumo. Na wenzangu wa ofisi ya mitihani wako kwenye hali hiyohiyo, kuna wasaidizi wanasoma shahada pale wanapochapa mitihani.

#10 Fundi Njiro

Marahaba mwalimu. Swali lako lilipaswa kuulizwa kwenye kikao cha kwanza kabla hata seva haijawashwa.

Kukutambua wewe ni nani ni jambo moja, kuamua unaruhusiwa nini ni jambo jingine, na ule ukurasa wa kuingia unashughulika na la kwanza tu. Mwanafunzi wa uzamivu na mhadhiri ni majukumu mawili ya mtu mmoja. Mfumo wa matokeo unatakiwa ukuulize umeingia kwa jukumu gani, ukupe ya jukumu hilo tu, na uandike kwenye kumbukumbu kwamba saa fulani uliingia ukiwa mhadhiri. Juu ya hapo kuna katazo moja lisilojali jukumu: hakuna anayegusa rekodi ambayo mwenye rekodi ni yeye mwenyewe. Hilo linawezekana sasa kuliko zamani. Mkiwa na akaunti mbili zisizojuana, mfumo hauna namna ya kujua kwamba msaidizi anayepandisha maksi ndiye mtahiniwa namba 14. Zikiunganishwa, unajua.

Ila usichukulie kwamba chuo chenu wameliweka hilo. Omba mbele ya mkuu wa idara ufungue ukurasa uone unachokiona, na muandike mlichokiona.

#11 Mkutubi wa Usa

Naomba niwakumbushe maktaba, huwa tunaachwa mpaka mwisho.

Wengi tunatumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Mwanafunzi akirudi uzamili anapewa kadi mpya, ile ya zamani inabaki na vitabu vyake. Koha ina sehemu ya kuunganisha wasomaji: unawachagua wawili, unaamua kadi ipi ibaki, na vitabu alivyoazima vinahamia kwenye hiyo. Ukishabonyeza hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo kwetu mtu mmoja anachagua na mwingine anahakiki kabla ya kubonyeza. Msiwaachie wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kazi hii, hata kama wanaijua kompyuta kuliko sisi.

Faida yake kwa msomaji ni kubwa kuliko kusahau nywila. Majarida ya kitaaluma tuliyoyapata kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya mtandaoni, zamani nywila moja ya chuo ilikuwa inabandikwa ukutani na kusambaa mpaka kwa ndugu na jamaa. Ukiwa na akaunti yako mwenyewe unasoma ukiwa nyumbani Tengeru, na ikitumika vibaya anajulikana nani. Halafu kuna eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo, iliyoanzia Uholanzi na sasa iko kwenye nchi zaidi ya 100. Ukienda chuo kingine kilichojiunga, simu inashika mtandao yenyewe. Chuo ulichokitembelea hakioni nywila yako, kinapeleka ombi lako nyumbani kwako na kusubiri jibu.

#12 Kaka Steshenari

Mimi si mtu wa chuo, nina steshenari karibu na geti la chuo kimoja hapa Arusha. Naongea ninachokiona.

Wanafunzi wanakuja kuchapa fomu. Anaingia potali, anapakua, anachapa, analipa, anaondoka. Anafunga dirisha kwa ile alama ya X anadhani ametoka. Anayekuja baada yake akifungua potali anakuta ya mwenzake. Brauza nayo ikiuliza "nihifadhi nywila?" wanabonyeza ndiyo kwa haraka zao. Nimeshafuta mpaka nimechoka. Sasa zamani aliyesahau kutoka aliacha wazi potali peke yake. Kwa utaratibu huu mpya jana nimeona kwa macho: binti kaacha potali, aliyefuata kafungua Moodle, ikaingia moja kwa moja kwa jina la yule binti. Hajaulizwa kitu.

Mnaotengeneza mifumo, mnatufikiria sisi wa huku chini?

#13 Fundi Njiro

Kaka, umeshika penyewe. Kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Ukibonyeza "toka" ndani ya Moodle, mara nyingi unatoka Moodle tu. Ule ukurasa wa chuo bado unakukumbuka, na mfumo mwingine ukiuliza unajibiwa "huyu yumo". Kuna utaratibu wa kukutoa kila mahali kwa pamoja, ila lazima kila mfumo uutii, na ukipata mmoja mkaidi, umebaki wazi.

Kwa mwanafunzi anayetumia kompyuta za watu: fungua dirisha la faragha, na ukimaliza funga brauza nzima, si kichupo kimoja. Bora zaidi pakua kwenye simu yako umtumie kaka faili achape. Kwa chuo: muda wa kukumbukwa uwe mfupi, na mifumo ya matokeo na fedha imuulize mtu nywila upya hata kama tayari yumo.

Na hatua ya pili ya uhakiki ni lazima, angalau kwa watumishi. Programu ya simu inayotoa tarakimu 6 kila sekunde 30 haihitaji bando wala mtandao, inapiga hesabu kwa saa ya simu na siri iliyopewa siku ya kwanza. Mimi naipenda kuliko SMS, maana huku kwetu laini ya mtu imesajiliwa kwa jina la mjomba, ikipotea kuirudisha ni safari ya kumtafuta mjomba kwanza.

#14 Mzee wa Majengo

Nyinyi vijana mnapenda kuweka kila kitu sehemu moja. Umeme ukikatika hiyo seva moja ikazima, chuo kizima kimesimama. Zamani Moodle ikilala, maktaba inafanya kazi. Sisi tulisoma na daftari la mahudhurio la karatasi na tukahitimu. Haya ya majuzi mnayakimbilia tu.

#15 Fundi Njiro

Mzee wangu shikamoo. La umeme uko sahihi kabisa, sina ubishi. Seva ya kuingilia lazima ziwe mbili na zisikae jengo moja, na kila mfumo ubaki na akaunti moja ya dharura ya msimamizi isiyopitia ukurasa ule, nywila yake imefungiwa kwenye bahasha ofisi ya mkuu. Chuo kisichoweza hayo kingoje kwanza. Na wiki ya mitihani usihamishe kitu.

Ila la majuzi hapana. Kerberos, utaratibu wa kumthibitisha mtumiaji, ilitengenezwa chuo cha MIT kule Marekani miaka ya 1980 kwa sababu wanafunzi walikuwa na kompyuta nyingi na kila moja inataka nywila. LDAP, ile orodha ya watu ambayo mifumo mingi inaisoma mpaka leo, ilitoka Chuo Kikuu cha Michigan 1993. CAS, programu nyingine ya kuingia mara moja, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Yale. Shibboleth toleo la kwanza lilitoka 2003 na lilitengenezwa na watu wa vyuo kwa ajili ya vyuo. Shida hii ilianza chuoni kabla haijafika benki.

#16 Binti Rau

Wakuu nimerudi na mrejesho. Asanteni sana, hasa Fundi.

Barua niliandika kama ilivyo pale juu. Ofisi ya usajili ndio waliojibu kwanza, TEHAMA wakafuata wakiwa wapole. Masomo nimesajiliwa kwa fomu ya karatasi iliyogongwa muhuri, kwa hiyo tarehe haikunipita. Wakataka uthibitisho wa jina, maana shahada ya kwanza niko kwa ubini wa baba na uzamili niko kwa jina la mume. Cheti cha ndoa kiko kwa wifi Dodoma, nikaenda kwa wakili karibu na mahakama akanitengenezea hati ya kiapo, ikakubaliwa.

Nikakaa na kijana wa TEHAMA. Akanifungulia ile Gmail kwa muda nikaingia nayo mbele yake, kisha nikaingia kwa barua pepe ya chuo. Moodle alianza kwa kuibadilisha jina ile akaunti nyeupe, kwa sababu haikubali watumiaji wawili wa jina moja la kuingilia. Jina likawa wazi, akaipa rekodi yangu ya zamani jina hilo, akabadilisha na njia yake ya kuingilia. Nikaburudisha ukurasa, kozi zote hizo hapo, asaimenti na saa niliyoipandisha. Ile nyeupe ameisimamisha, hajaifuta. Nilimuuliza mara mbili!

Potali sasa juu kuna sehemu ya kuchagua: Mtumishi, Mwanafunzi wa Uzamili, Mhitimu. Na kwa ajili ya mwalimu wa Kiboriloni: nilijaribu kufungua faili langu mwenyewe la udahili nikiwa upande wa mtumishi. Linafunguka, na vitufe vya kuhariri vipo. Nimewaandikia na hilo, nasubiri jibu.

Kilichonishangaza ni maktaba. Baada ya kuunganishwa imetokea faini ya shahada ya kwanza. Kitabu cha takwimu. Na kweli ninacho, kipo Rau kwa mama kwenye kabati la vyombo. Nilipe tu yaishe?

#17 Chalii wa Sakina

Mimi yangu wasiiunganishe jamani. Hapa nilipo nina vitatu.

#18 Mwalimu wa Kiboriloni

Asante dada kwa kuangalia. Kesho naingia kwa mkuu wa idara na skrinishoti zangu.

#19 Mkutubi wa Usa

Binti Rau, usilipe kwanza. Peleka kitabu. Kwenye Koha, kitabu kilichokaa muda mrefu mara nyingi kinakuwa kimeandikwa kimepotea, na unachodaiwa hapo ni bei ya kununua kingine. Kikipokelewa kwenye mfumo, ile bei inaweza kuondolewa ukabaki na faini ya kuchelewa peke yake, inategemea chuo chenu kilivyopanga. Ukilipa kabla ya kukirudisha, itabidi uanze kuomba kurudishiwa pesa, na hiyo ni barua nyingine. Simama palepale mpaka mkutubi akiskani mbele yako, angalia jina lako kwenye skrini kwamba kimetoka, ndipo uombe kontrol namba ya kilichobaki.

Na wewe Chalii, vilete hivyo vitatu. Kuna wenzako wanavisubiri.